Sindano ya Kutagisha Majongoo Bahari: Inafanya Nini na Haifanyi Nini



Katika vikao vya robo iliyopita tulipokea maswali mawili ambayo tumeona tuyajibu hapa ili kila kamati na kila mfadhili apate maelezo yale yale. Swali la kwanza lilitoka kwa kamati ya parokia mojawapo ya pwani. Wajumbe wamesikia kuwa ipo sindano ambayo jongoo bahari akidungwa humwaga mayai baada ya muda mfupi, wakaomba fedha za kuinunua ziingizwe kwenye bajeti ya mwaka ujao. Swali la pili lilitoka kwa mfadhili wetu mmoja, ambaye kwa upole mkubwa alitaka kujua kwa nini fedha alizotoa kwa ajili ya vifaranga vya majongoo hazijaleta vifaranga.

Maswali haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini jibu lake ni moja, nalo limo ndani ya kifuko kidogo sana kinacholizunguka yai la jongoo. Kwa kuanzia tuseme wazi kuwa sindano hiyo si uzushi. Ipo, na imefanyiwa utafiti wa miaka mingi. Jambo ambalo halikufika kwenye vikao vyetu ni kwamba sindano hiyo inafanya kazi moja tu kati ya kazi tatu zinazohitajika.

Mnyama tunayemfuga

Jongoo tunayemzungumzia ni yule ambaye wavuvi wetu humwita jongoo mchanga, kwa kuwa hujifukia mchangani kwenye maji ya kina kifupi penye majani ya bahari. Wataalamu humwita Holothuria scabra. Bei yake katika masoko ya China, akishachemshwa na kukaushwa, ndiyo iliyomponza. Mwaka 2013 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtangaza kuwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Akina mama wa mwani wanaotusaidia katika mradi huu hawakuhitaji tangazo hilo. Wao wenyewe wanasema kuwa zamani waliwakanyaga wakienda shambani, na leo wanaweza kumaliza bamvu zima bila kumwona hata mmoja.

Majike na madume huwezi kuwatofautisha kwa nje. Hawapandani. Kila mmoja humwaga chake majini, jike mayai na dume mbegu, na yai hurutubishwa likiwa linaelea. Jike mmoja aliyekomaa anaweza kumwaga mayai zaidi ya milioni moja, na hapo mtu hujiuliza uhaba unatoka wapi. Unatoka kwenye saa. Jike akimwaga leo peke yake, na dume aliye karibu akamwaga wiki ijayo, vyote viwili vinakuwa chakula cha samaki. Ndiyo maana wanyama wa namna hii wana utaratibu mkali wa ndani unaohakikisha kuwa yai halitoki kabla halijawa tayari, na kwamba likitoka, wengine nao wanatoa.

Yai na kifuko chake

Ukimpasua jongoo jike aliyekomaa utakuta kishada cha mirija myembamba kama tambi. Hiyo ndiyo ovari yake. Ndani ya mirija hiyo mayai yamepangwa, na kila yai limevikwa tabaka jembamba la seli, mithili ya mto na foronya yake. Tabaka hilo tutaliita kifuko cha yai.

Yai huanza likiwa dogo sana. Kwa muda wa miezi linakua na kujaza akiba ya chakula ambacho kitamlisha kiumbe kipya katika siku zake za mwanzo. Likishajaa, bado haliwi tayari. Katikati yake kuna kiini kikubwa kinachoonekana kwa darubini kama puto angavu, na katika hali hiyo yai hutulia likisubiri. Linaweza kusubiri kwa wiki nyingi. Linapopokea agizo, ukuta wa kiini huyeyuka, yai huendelea na mgawanyiko wake, huchomoka kwenye kifuko na kutoka nje. Hapo tu ndipo mbegu ya kiume inapoweza kulirutubisha likakua sawasawa.

Hili linajibu hoja iliyotolewa na vijana kadhaa waliowahi kupasua majongoo kwa ajili ya kuchemsha. Walisema kuwa mayai wameyaona kwa macho yao, na madume wanayo mbegu, basi kwa nini tusichanganye kwenye ndoo mambo yakaisha? Tatizo ni kwamba mayai yaliyotolewa kwa kisu bado yanasubiri. Kiini chake hakijayeyuka. Ukiyachanganya na mbegu utapata ndoo ya maji machafu.

Hatua basi ni tatu: yai kukua, yai kupevuka, na yai kutoka. Tunaomba msomaji azikumbuke hatua hizi tunapoendelea.

Agizo linatoka wapi

Agizo hilo hubebwa na vitu viitwavyo peptidi. Mwili hujenga protini kwa kuunganisha vipande vidogo viitwavyo asidi amino, kama mtu anayetunga shanga kwenye uzi. Uzi mrefu ni protini. Uzi mfupi, wa shanga chache au makumi kadhaa, ni peptidi. Peptidi nyingi hutengenezwa na mishipa ya fahamu na kazi yake ni kupeleka habari. Kila moja ina umbo lake, na huingia kwenye kipokezi chake juu ya seli kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli lake. Ufunguo ukikosa kufuli, hakuna kinachofunguka.

Historia ya jambo hili ilianza kwa ndugu wa jongoo, yaani kiti cha pweza, yule mnyama wa mikono mitano ambaye watoto wetu humwokota ufukweni. Mwaka 1959 watafiti wawili wa Marekani, Chaet na McConnaughy, walichukua mishipa ya fahamu iliyo kwenye mikono yake, wakaitia majini, wakachuja, kisha wakawadunga maji hayo viti vya pweza wengine. Wanyama hao wakamwaga mayai na mbegu. Ilidhihirika kuwa mishipa hiyo ina kitu kinachoamuru utagaji.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1969, Haruo Kanatani na wenzake kule Japani walieleza jambo ambalo kwetu sisi ndilo muhimu kuliko yote katika makala hii. Waligundua kuwa kile kitu cha mishipa ya fahamu hakizungumzi na yai. Kinazungumza na seli za kifuko. Seli za kifuko zikishapokea habari hutengeneza kitu kingine kidogo, kiitwacho 1-methiladenini, na hicho ndicho kinachogusa yai na kuliamuru lipevuke. Wanaparokia wanaufahamu vizuri utaratibu wa namna hii. Waraka wa Baba Askofu humfikia paroko, paroko humkabidhi katekista, na katekista ndiye anayeusoma kwenye jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya isipokuwa na katekista, waraka utabaki mezani hata kama umeandikwa kwa herufi kubwa namna gani.

Ilichukua miaka arobaini mingine kuufahamu waraka wenyewe. Mwaka 2009 Masatoshi Mita na wenzake, pia wa Japani, waliitambua peptidi hiyo. Ina nyuzi mbili zilizofungamana, mmoja wa asidi amino 24 na mwingine wa 19. Ni ya ukoo wa relaksini, homoni inayojulikana kwa akina mama wajawazito, na ukoo huo ndio huo huo wa insulini ambayo ndugu zetu wenye kisukari hujidunga kila siku. Tulipoisoma habari hii ofisini tulinyamaza kidogo. Kiti cha pweza hana damu kama yetu wala ubongo, lakini ujumbe wake wa uzazi umeandikwa kwa lugha inayofanana na iliyomo miilini mwetu.

Majongoo wenyewe

Mwaka huo huo wa 2009, kundi jingine la Kijapani lilitoa taarifa kuhusu jongoo anayefugwa na kuliwa sana katika nchi za Mashariki ya Mbali, aitwaye Apostichopus japonicus. Katika mishipa yake ya fahamu walipata peptidi fupi mno, ya asidi amino tano tu. Peptidi hii ilikuwa imejulikana tangu miaka ya 1990, lakini kama kitu kinachofanya kazi kwenye misuli. Ikaonekana kuwa inapevusha mayai pia. Jongoo aliyekomaa akidungwa, hupanda ukuta wa tangi, huinua kichwa na kukipungapunga huku na huko, kisha humwaga. Watafiti wakaipa jina la kubifrini. Hii ndiyo sindano ambayo habari zake zilifika kwenye kamati yetu.

Kwa upande wa jongoo mchanga wetu, mwaka 2019 watafiti wa Australia na wenzao walichapisha kazi juu ya peptidi ya ukoo wa relaksini kwa majongoo wa jamii ya Holothuria, waliyoitengeneza maabara ili isaidie vituo vya kutotolea vifaranga. Njia iko wazi, na huenda siku moja ikawa jambo la kawaida kwenye vituo vyetu pia.

Jirani zetu wa Madagaska walipita njia nyingine. Huko Toliara, wataalamu wa taasisi ya bahari pamoja na vyuo vya Ubelgiji walikuta kuwa kitu chenye asili ya protini, kinachopatikana kwenye mayai ya wale wanyama wa duara wenye miiba, kinaweza kupevusha mayai ya jongoo mchanga yaliyotolewa ovari na kuwekwa kwenye chombo. Taarifa yao ilitoka mwaka 2009, na walipata zaidi ya mayai tisa kati ya kumi yakipevuka. Kwa hiyo wale vijana wetu wa ndoo hawakuwa mbali sana na ukweli; walikosa kiungo kimoja. Hata hivyo ikumbukwe kuwa Toliara walitumia mayai yaliyokuwa yamekwisha kukua, na mzazi aliyetolewa ovari hatagi tena msimu huo.

Hatua ya kwanza ndiyo iliyosahauliwa

Mpaka hapa peptidi zote tulizozitaja zinahusu hatua ya pili na ya tatu. Je, hatua ya kwanza, ya yai kukua, inaongozwa na nani?

Mnyama aliyetufundisha zaidi katika hili si jongoo. Ni kiumbe kama kifuko laini kinachoangaza, kiitwacho Ciona, ambacho hujishikiza kwenye nguzo za magati na matumbo ya vyombo, na ambacho mabaharia hukikwangua bila kufikiri mara mbili. Hana uti wa mgongo, lakini kwa ukoo yuko karibu na sisi wenye uti kuliko jongoo alivyo.

Watafiti wa taasisi moja ya Osaka, Japani, wamefuatilia vifuko vya mayai yake hatua kwa hatua. Mwaka 2008 walionyesha kuwa peptidi ya ukoo wa takikinini, ukoo ambao kwa binadamu unahusika na kusikia maumivu, husukuma kifuko chenye yai linalojaza akiba kuingia hatua inayofuata ya ukuaji. Inafanya hivyo kwa kuamsha vimeng'enya ndani ya kifuko. Miaka michache baadaye wakaona kuwa peptidi nyingine hufanya kinyume chake: huzuia msukumo huo, kama breki. Mwaka 2019 wakaeleza kuwa peptidi ya tatu, ya ukoo wa vasopresini ambayo kwetu sisi hutunza maji mwilini, ndiyo inayopevusha yai lililokwisha kukua na kulifanya lichomoke kwenye kifuko chake.

Kwa maneno mengine, kwa mnyama mmoja mdogo kuna agizo la kukua, agizo la kusubiri na agizo la kutoka, na kila agizo lina mbebaji wake na kipokezi chake. Agizo la kutoka halifanyi kazi ya agizo la kukua. Kifuko kisichokua hakina la kujibu.

Tulipokosea

Sasa turudi kwa mfadhili wetu na vifaranga vyake.

Tulinunua majongoo wazazi kwa wachuuzi. Walifika kituoni wakiwa wamerundikwa kwenye ndoo, wengine wadogo, na baadhi wakiwa wameshatapika matumbo yao, kwa maana jongoo akisumbuliwa sana hutoa utumbo nje na mara nyingine ovari hutoka nao. Msimu tuliouchagua ulifuata kalenda ya fedha, kwa kuwa fungu lilitakiwa kutumika kabla ya kufunga mwaka. Tukawapandishia joto la maji kwa nyuzi tatu hadi tano kwa muda wa saa moja hivi, kama miongozo inavyosema. Madume mawili yalitoa. Majike hayakutoa kitu. Kwenye ripoti tukaandika kuwa "majongoo yaligoma kutaga", na sentensi hiyo tunaifuta leo mbele yenu. Hawakugoma. Hawakuwa na mayai yaliyokua, na hakuna joto wala sindano ambayo ingewapa.

Kule New Caledonia, ambako jongoo mchanga amechunguzwa kwa muda mrefu, alionekana kuanza kukomaa akifikia urefu wa sentimita 16 hivi, na wazazi wa kutagisha huchaguliwa wakubwa kuliko hao. Wengi wa wale tulionunua walikuwa chini ya kipimo hicho. Tuliponunua wadogo tulifanya makosa mawili kwa mkupuo: tulilipia wanyama wasiokuwa na mayai, na tuliwaondoa baharini kabla hawajataga hata mara moja.

Tumejibu nini kwa kamati

Tumeiandikia kamati iliyoomba sindano kuwa ombi hilo halitaingia kwenye bajeti ya mwaka ujao. Peptidi si dawa ya duka la pembeni. Huagizwa maabara, hutunzwa kwenye baridi kali, na kipimo chake huwekwa na mtaalamu kwa kufuata aina ya jongoo. Kikubwa zaidi, inamsaidia tu yule ambaye wazazi wake wako tayari na anataka watage siku moja kwa pamoja. Sisi bado hatujafika hapo.

Fungu hilo tumelihamishia kwenye zizi la wazazi, yaani uzio wa wavu kwenye eneo lenye mchanga laini na majani ya bahari, ambamo majongoo wakubwa watakaa miezi kadhaa wakila na kukuza mayai yao bila kubughudhiwa. Yapo manufaa mengine hapo ambayo hatukuyategemea. Majongoo wakubwa waliokaa karibu karibu zizini wakitaga wenyewe, mayai hukutana na mbegu, na vifaranga vinavyoelea kwa wiki mbili hivi kabla ya kutua huenda kokote mkondo unakovipeleka, hata kwenye mchanga wa kijiji jirani ambacho hakikuchangia chochote. Mjumbe mmoja alilalamikia hilo. Mwenyekiti wake alimwambia kuwa hata mvua haijawahi kuulizia stakabadhi.

Kwa kuwa vifaranga vyenyewe vitaendelea kununuliwa kwenye vituo vilivyokwisha kuzoea kazi hii, wazazi wa zizini hawatahamishwa kwa ndoo kwenda popote mpaka mtaalamu awe amewakagua. Atachomoa chembe ndogo ya ovari kwa wachache, aitazame kwa darubini, na kuona kama mayai yamejaa na kama lile puto angavu liko mahali pake.

Wafadhili wetu wataona mabadiliko kwenye ripoti. Safu ya "idadi ya vifaranga" itabaki, lakini katika robo mbili za kwanza itasomeka sifuri, na tunaomba isisomwe kama uzembe. Mbele yake tumeongeza safu tatu: idadi ya wazazi walio zizini, urefu wao kwa sentimita, na hali ya mayai kwa wale waliokaguliwa. Huko ndiko fedha zenu zitakuwa zikifanya kazi kwa kipindi hicho.

Kamati zenye mazizi zinaombwa kumteua mtu mmoja, ikiwezekana mama wa mwani ambaye hushuka pwani kila bamvu, aandike kwenye daftari mambo manne: tarehe, umri wa mwezi, joto la maji, na kama ameona jongoo yeyote ameinua kichwa juu ya mchanga akikiyumbisha. Hilo la mwisho akiliona asimguse mnyama wala asiwaite watu kuja kutazama. Aandike saa, aondoke taratibu. Vipimajoto vitagawiwa kwenye kikao cha kanda, kimoja kwa kila zizi, na kila kamati itasaini kuwa imepokea.